Mshale Uliomdanganya Mpika Nta

Maiti ya mpika nta ilikuwa imelala chali kando ya tangi, kiwanda cha mishumaa kinanuka moshi, na mfukoni mwa suruali yake mna chupa ya pombe kali.

"Alilewa akasinzia, nta ikawaka," alisema fundi mkuu, ambaye kiwanda kizima kilimwita Profesa. "Ni shemeji yangu, Afande, kamuoa dada yangu. Naona haya hata kusema."

Inspekta akaandika hivyohivyo. Jioni akaenda msibani, akatamka mbele ya mjane na wakwe zake kwamba marehemu alikuwa mlevi. Mjane hakulia. Alisema tu, "Mume wangu hajawahi hata kuonja."

Asubuhi yake Inspekta alivitazama upya vielelezo. Suruali ilikuwa imeungua ikawa matambara. Chupa haikuwa na masizi hata chembe. Miaka yote ya upelelezi, kitu kiko mbele ya pua, naye kakipita!

Akarudi kiwandani. Kwenye kona ya vipimo, kalamu ya mashine ilikuwa imechora joto la nta kwenye karatasi, na kila robo saa marehemu aliweka alama ya penseli. Alama zilifika saa tano na robo, zimenyooka, mlevi hawezi. Ila tangu saa nne mstari ulikuwa ukishuka.

Kumbe aliona joto linapungua, akaongeza gesi, akaongeza tena. Mwishowe akashuku, akaenda kufunua tangi aone kwa macho yake. Nta ilikuwa imechemka kupita kiasi; moto ukamvaa.

Kabla ya upolisi Inspekta alishatengeneza redio. Akafungua kikuza ishara, kisanduku kinachopokea nyaya mbili kutoka tangini na kusukuma mshale wa joto pamoja na ile kalamu. Ndani, vumbi tupu, isipokuwa rezista mbili, vijipande vya kuzuia umeme, zilizolehemiwa karibuni tu. Risasi ya kulehemia bado inang'aa.

"Profesa, jana saa nne ulikuwa wapi?"

"Hapahapa. Nilikuwa narekebisha hicho kikuza. Nikamaliza, nikaondoka."

"Kilifanya kazi?"

"Sana! Nilikijaribu kwa mita yangu."

"Ng'oa hizi rezista."

"Afande, haya mambo ya kitaalamu..."

"Ng'oa."

Profesa aling'oa. Akabana kwenye nyaya mita yake, ile ya kuchomeka umeme ukutani: mshale ukatulia. Inspekta akaibandua. Mshale ukaanza kuteleza chini, polepole, bila aibu. Akashika bomba la chuma liingialo ardhini kwa mkono mmoja, kidole cha mkono wa pili akakigusisha kwenye waya. Mshale ukarudi.

"Kikuza hiki hupitisha umeme kiduchu kwenye nyaya zake," alisema. "Lazima upate njia ya kurudi ardhini, la sivyo mshale unapotea. Rezista ndizo njia. Ulipozing'oa, mita yako iliyochomekwa ukutani ikawa njia. Ukaondoka nayo, ukamwachia shemeji yako mshale mwongo. Nani alizirudisha baada ya moto?"

Profesa akakaa juu ya katoni ya mishumaa.

"Mimi. Na chupa niliiweka mimi."

"Kwa nini ulizing'oa?"

"Nilidhani zinanyonya ishara. Shemeji akaniuliza, 'Mchoro wa kikuza unasemaje?' Nikamcheka. Nikamwambia yeye ni mpishi, apike tu." Akafunika uso. "Sijui kusoma mchoro, Afande. Sijawahi kujua. Kazi nimeiiba kwa macho, mikononi mwa watu. Nikaona heri yeye aitwe mlevi, keshakufa, kuliko mimi niitwe mjinga ningali hai."

Inspekta alitaka kumtukana. Akaikumbuka ripoti yake mwenyewe, akatoa pingu tu.

"Nitauweka wapi uso wangu mbele ya dada?"

"Palepale nitakapouweka wangu. Twende."

Mjane aliwapokea mlangoni, wakwe wamesimama nyuma yake. Profesa, pingu mkononi, akaanza kuiambia sakafu. Inspekta naye akadakia, kwa sauti ya chini, "Mama, jana nilikosea..."

"Pazeni sauti," alisema mjane. "Mlipomwita mlevi hamkunong'ona."