Brokoli ya Nyuma ya Pazia

Mama Sindano alikuwa mshonaji. Mtaani walimpa jina hilo kwa sababu ya kazi yake. Wengine walisema ni kwa sababu ya ulimi wake. Yote mawili yalikuwa kweli.

Kila Jumapili familia ilikula pamoja. Wiki hii kwa Mama Sindano, wiki ijayo kwa wifi yake, dada wa mumewe. Wifi huyo aliishi upande wa pili wa ukuta. Alikuwa mwoka mikate, na bustani yake aliipenda kuliko usingizi.

Jumapili moja ilikuwa zamu ya Mama Sindano. Alianza kupika tangu asubuhi. Chakula kilipotengwa, mama mkwe, ambaye wote walimwita Mama tu, alifungua mkoba wake, akatoa bakuli dogo lenye kifuniko. Ndani kulikuwa na brokoli, ya kijani kibichi, iliyochemshwa kidogo tu.

"Nimekuja na mboga yangu," alisema Mama. "Daktari anataka nile mboga za kijani kila siku. Hii ya binti yangu ni laini, haina dawa ya wadudu. Ninyi kuleni, msinijali."

Msinijali! Mama Sindano alitabasamu kwa meno, moyoni kunawaka moto. Meza ni yake, sahani ni zake, na mkwe wake anakula mboga ya nyumba nyingine!

"Kweli dada ana mkono wa kupanda," alisema mumewe, fundi bomba, huku akipeleka uma kwenye bakuli la Mama.

"Kula kuku, baba," alisema Mama Sindano. "Kuku hajakukosea."

Usiku ule aliapa. Siku moja Mama atakaa kwenye meza hii, atakula mboga ya bustani hii, na lile bakuli litabaki nyumbani.

Kesho yake alinunua pakiti ya mbegu za brokoli.

"Si umuulize dada anavyofanya?" alisema mumewe.

"Nimuulize yeye? Ili amwambie Mama kwamba amenifundisha? Bora nile nyasi."

Alijaza udongo kwenye trei, akapanda. Lakini aiweke wapi? Nje, wifi angeiona. Basi akaisukuma chini ya meza ya kukatia vitambaa, akashusha pazia lililoizunguka meza. Akamwagilia asubuhi, mchana na jioni.

Siku ya sita mbegu zikaota. Mama Sindano alicheka peke yake kama mtu aliyeokota kito. Lakini wiki ya pili miche ikawa mirefu, myembamba, myeupe kama uzi. Ikainama. Ikalala. Haikuamka tena.

Akapanda mara ya pili, akaongeza maji. Ikalala tena.

Sasa alishindwa kuvumilia. Alichukua kigoda chake cha kushonea, akapanda, akachungulia juu ya ukuta. Brokoli za wifi zilikuwa zimesimama mstari mmoja, zimenenepa, zina raha zao. Wivu ukamshika.

"Wifi," ilisema sauti kutoka chini ya ukuta, "hujambo?"

Wifi alikuwa amechuchumaa hapo hapo, anang'oa magugu.

"Sijambo. Natafuta kifungo changu."

"Kifungo kimeruka ukuta?"

"Vifungo vya siku hizi!" alisema Mama Sindano, akashuka haraka mpaka kigoda kikaanguka.

"Ukikikosa, pita mlangoni," wifi alipaza sauti. "Mlango uko mbele."

Siku mbili baadaye wifi alikuja kupimwa gauni. Chaki ikamponyoka Mama Sindano, ikabingirika chini ya meza. Kabla hajamzuia, wifi alikwishainama na kufunua pazia.

"Eh! Hii ni nini?"

Mama Sindano hakuwa na kifungo cha kusingizia. "Brokoli," alisema. "Ilikuwa."

Wifi aliivuta trei mwangani. Alibonyeza udongo, maji yakatoka.

"Ulikuwa unaificha nani asiione?"

Mama Sindano aliinama kuokota chaki.

"Uliificha nisiione mimi, wifi, na jua nalo halikuiona. Mche usioona mwanga hurefuka kuutafuta, halafu huanguka. Na maji haya mengi yameozesha shina. Wahenga walisema mficha uchi hazai."

Mama Sindano alitamani ardhi impasukie. Lakini Jumapili zilikuwa zinakwenda, na bakuli la Mama lilikuwa linakuja. Akameza kiburi chake, nacho kilikuwa kikubwa.

"Basi niambie," alisema. "Ila usimwambie Mama."

Wifi akacheka, akakaa kwenye kigoda. Alieleza polepole, na Mama Sindano aliandika kwenye daftari lake la vipimo.

"Changanya udongo na mboji iliyooza vizuri. Mbegu ifukie kina cha ukucha wako, si zaidi. Weka trei mahali penye mwanga mwingi. Maji mwagilia udongo wa juu unapoanza kukauka. Tia kidole, kitakwambia. Miche ikibanana, punguza, acha yenye nguvu."

"Niing'oe? Na imeota yenyewe?"

"Ing'oe. Ikibanana, yote itadhoofika. Ukifika mwezi mmoja hivi, mche una majani manne au matano, uhamishie bustanini. Lakini wiki moja kabla, uzoeshe jua kali na upepo. Leo saa chache, kesho zaidi. Hamisha jioni, jua likipoa. Kati ya mche na mche acha nusu mita."

"Nusu mita! Nafasi yote hiyo ya nini?"

"Wewe unashona gauni la kubana mtu asipumue?"

Safari hii Mama Sindano alifuata kila neno. Trei aliiweka dirishani, pazia la dirisha likafunguliwa. Miche ikatoka mifupi, minene, ya kijani. Alipima nusu mita kwa utepe wake wa kushonea. Akatandaza nyasi kavu kuzunguka mashina ili udongo usikauke upesi. Kila asubuhi aligeuza majani na kukagua chini yake. Mayai ya wadudu aliyaponda. Viwavi aliwaokota kwa mkono, huku akiwasema vibaya.

Miezi miwili na zaidi ikapita. Mche mmoja ukatangulia kutoa kichwa. Kila siku Mama Sindano alikipima kwa utepe. Inchi nne. Inchi tano. Inchi sita.

Wifi alipita, akakiangalia. "Kimefika, hicho. Kimebana vizuri. Kikate kesho asubuhi."

Mama Sindano alijua kichwa kikubwa kuliko vyote katika bustani ya wifi kilikuwa na inchi saba. Alijua kwa sababu alikipima siku wifi alipokuwa sokoni. Ule wivu wa zamani ukainua kichwa. Anataka nikikate kikiwa kidogo, aliwaza, chake kibaki kikubwa. Nitangoja. Inchi nane, ndipo nikate.

Akangoja. Siku tatu jua likawaka sana. Siku ya nne alitoka na utepe, akasimama kama aliyepigwa kofi. Kichwa kilikuwa kimeachana, na juu yake maua ya manjano yamechanua.

Hapo Mama Sindano alilia. Halafu akafuta uso, akatoka, akapita mlango wa mbele.

Wifi alikuwa anakanda unga.

"Brokoli yangu imechanua," alisema Mama Sindano. "Uliniambia nikate. Nikadhani una hila. Nimekuonea wivu, wifi, tangu lile bakuli la kwanza."

Wifi hakucheka. Aliendelea kukanda.

"Mkate ukizidi kukaa kwenye tanuri, haukui," alisema. "Unaungua. Na brokoli ni hivyo hivyo. Kile tunachokula ni maua ambayo bado yamefumba. Usitazame ukubwa. Tazama kama kimebana." Akakung'uta unga mikononi. "Unajua kwa nini nilianza kupanda brokoli?"

"Kwa ajili ya daktari wa Mama."

"Kwa ajili yako. Kila Jumapili Mama anakuja amevaa gauni ulilomshonea wewe. Watu wanamsifu, naye anasema, 'Mkwe wangu huyo!' Mimi binti yake wa kumzaa siwezi kushona hata kifungo. Ilinikereketa, wifi. Nikatafuta changu."

Wakatazamana. Aliyeanza kucheka hajulikani, lakini unga ulimwagika mpaka sakafuni.

"Mche ule usiung'oe," alisema wifi alipopata pumzi. "Kata kichwa kilichochanua. Vitatoka vichwa vidogo pembeni. Na vingine bustanini vikate kwa wakati."

Jumapili ya zamu yake, Mama Sindano aliamka kabla ya jua kuwa kali. Alikata vichwa vitatu kwa kisu kikali, kwa mshazari, ili maji yasituame kwenye shina. Kimoja kilikuwa na inchi tano tu. Vyote vilikuwa vimebana. Utepe wake aliuacha ndani.

Alivichemsha dakika chache, akavitenga katikati ya meza.

Mama aliingia, akaketi, akatoa bakuli lake mkobani. Mama Sindano alilikazia macho. Wifi naye aliinamisha uso.

Mama alifungua kifuniko. Bakuli lilikuwa tupu.

"Nimesikia humu kuna brokoli," alisema. "Nimekuja kula, na nitaondoka na nyingine." Akaonja, akatafuna, akaonja tena. "Laini. Nani amekufundisha, mwanangu?"

Mume akaacha kutafuna. Swali lile Mama Sindano alikuwa amelikimbia miezi yote hii.

"Wifi yangu," alisema. "Kila kitu amenifundisha yeye. Makosa tu ndiyo yangu."

Wifi aliinua uso, akanyoosha mkono juu ya meza. Kiganjani mwake kulikuwa na kifungo.

"Kimetoka kwenye gauni langu," alisema. "Kesho napita mlangoni. Unanifundisha kukishona, na Mama asijue."