Mama Nuru na Neno la Kukubali

Nyuma ya soko la Kasongo kuna chumba chenye mlango wa buluu. Jioni, vijana hujaa humo kucheza mpira kwenye televisheni. Mwenye chumba ni Mahamudu, mtu mrefu, mpole, mpenda chai ya tangawizi. Asubuhi vijana wako shuleni na chumba ni kitupu. Basi siku tatu kila juma, asubuhi, chumba kilikuwa cha wanawake.

Walikuwa kumi na mmoja. Wengine walitoka kuanika mpunga, wengine kutwanga sombe, majani ya muhogo, na mikono yao ilikuwa bado inanukia majani. Walikuja kujifunza kusoma.

Mwalimu wao alikuwa Darlène, fundi wa redio na simu. Darlène hakuwa na vitabu vya kutosha. Alitengeneza masomo yeye mwenyewe, akayaweka ndani ya konsole ya Mahamudu, yaani ile mashine ya kuchezea. Ukiiwasha, unachagua picha ya kinu. Herufi kubwa inatokea kwenye televisheni: M. Halafu unakuja mchoro wa mchele, na sauti ya Mama Victorine inasema, "Muchele." Michoro ilikuwa yao. Sauti zilikuwa zao. Toka A mpaka Z, kazi hiyo iliwachukua miezi mitano.

Mama Nuru alikuwa mmoja wao. Mahamudu alikuwa mdogo wa mume wake. Alikuwa na wajukuu sita, na hakuwahi kukaa shuleni hata siku moja. Maisha yake yote, akipewa karatasi ya kutia sahihi, alipaka wino kwenye kidole gumba na kukandamiza. Alichoka na wino ule. Ndiyo maana hakukosa somo hata siku moja, hata siku ya mvua. Mchoro wake ulikuwa wa herufi U: ungo wa kupepetea mpunga, na punje tatu zikiruka hewani.

Jumanne moja alifika wa kwanza. Akafagia, akapanga viti, akawasha televisheni. Mahamudu alikuwa ameunganisha konsole na intaneti ya simu yake, ili apate jezi mpya za timu za mchezo. Simu aliiacha pale mezani, akaenda kununua tangawizi.

Kwenye kioo yalitokea maandiko ya Kifaransa, marefu kama barua ya serikali. Chini yake kulikuwa na neno moja kubwa. Mama Nuru alilisoma polepole, herufi kwa herufi. *Accepter*. Kukubali. Wiki ileile Darlène alikuwa amewafundisha neno hilo kwenye simu.

Moyo wake ulijaa. Alikuwa amesoma peke yake, bila mtu kumnong'oneza. Na mtu akikuomba kwa maneno marefu namna ile, alifikiri, kumkatalia si adabu. Akaweka kidole gumba kwenye kitufe, akabonyeza.

Mashine ilizima, ikawaka, ikazima tena. Ilipowaka mara ya mwisho wanawake walikuwa wamekwisha kuketi.

"Kinu kiko fasi gani?" akauliza Victorine, jirani yake.

"Kilikuwa hapa," akasema Mama Nuru.

"Kilikuwa. Na sasa?"

"Kulikuwa maandiko mengi. Nimesoma neno la chini, nimebonyeza."

"Basi siku yako ya kwanza ya kusoma peke yako, umetufutia masomo yote."

Wanawake walicheka. Mama Nuru hakucheka. Alikuwa anafikiri juu ya ungo wake na punje zake tatu. Bila masomo yale, wangefanya nini hapa? Wangerudi kwenye mpunga, mmoja mmoja, na wino ungerudi kwenye kidole.

Darlène alifika, akatafuta kinu huku na huku. Halafu akashusha mkono. "Imeondoka yote," akasema. "Mashine imefanya *mise à jour*. Imejifanya mpya, na kampuni iliyoitengeneza imeondoa programu yetu."

Mahamudu alikuwa mlangoni na tangawizi yake. "Imeondoa? Mashine iko yangu. Nimeinunua Kindu, nimeileta kwa pikipiki, mapajani kama mutoto. Mutu wa ng'ambo ana haki gani kuingia ndani na kutoa kitu? Nitaenda kwa avoka, aishitaki kampuni hiyo."

"Kaa kwanza, Papa Mahamudu," akasema Darlène. "Chuma na plastiki ni mali yako. Unaweza kuuza, unaweza kuvunja. Lakini programu inayoendesha mashine hukuinunua. Umepewa ruhusa ya kuitumia, kwa masharti. Ni kama nyumba ya kupanga. Kitanda ni chako, ukuta ni wa mwenye nyumba."

"Sikuweka mukataba na mutu."

"Uliweka. Siku ya kwanza ulibonyeza Accepter. Nilikuwa nimesimama hapahapa. Hukusoma hata mstari mmoja."

Mahamudu akaanza kumenya tangawizi.

"Kubonyeza neno lile," Darlène akaendelea, "ni sawa na kutia sahihi."

Mama Nuru alitazama kidole chake gumba. "Na ungo wangu?" akauliza. "Huo nao uko wa mwenye nyumba?"

"Hapana, mama. Michoro na sauti ni kazi yenu, ni mali yenu. Lakini kampuni haikutufungulia mlango wa kuingiza programu zetu. Mimi nilipita kwenye tundu, kasoro iliyosahaulika ndani ya programu yao." Darlène akamgeukia Victorine. "Mama Victorine, unakumbuka lile tundu la ua wako?"

Wote walilikumbuka. Kwa miaka mingi walipita katika tundu la ua wa Victorine kwenda kisimani, maana njia kubwa inazunguka. Kiangazi kilichopita Victorine aliliziba kwa mianzi.

"Mbuzi walikuwa nakula mihogo yangu," akasema Victorine.

"Mama Nuru alikushitaki?"

"Alininunia siku mbili."

"Siku tatu," akasema Mama Nuru.

"Ndivyo ilivyo," akasema Darlène. "Pale nilipopita mimi, mwizi naye anaweza kupita. Kampuni ikiziba tundu, na masharti yanasema inaweza kuondoa kitu kisicho na ruhusa, mara nyingi sheria iko upande wake."

"Mara nyingi," akasema Mahamudu. "Si kila mara?"

"Si kila mara. Kampuni ikikuahidi yenyewe kwamba mashine inafanya kazi fulani, ukanunua kwa ajili ya kazi hiyo, kisha ikaiondoa, hapo una neno la kusema. Kuna nchi ambako wanunuzi walishitaki kwa jambo la namna hiyo, wakapatana na kampuni, wakapewa kitu kidogo. Sheria za nchi hazifanani. Ya kwetu siijui yote, avoka ndiye wa kuuliza. Lakini sisi hatukuahidiwa kitu. Tundu si ahadi."

"Basi kosa liko langu," akasema Mama Nuru.

"Lako ni dogo. Ulisoma neno la mwisho, ukaacha ya juu. Langu ni kubwa. Sikuwaambia kwamba mashine yenye kazi yetu isiunganishwe na intaneti. Na nakala ninayo mpaka N tu."

Mahamudu alimimina chai, akawagawia. Mama Nuru alikunywa yake yote, halafu akasema, "Toka O mpaka Z ni herufi ngapi?"

Wakahesabu kwa vidole. Victorine alisema kumi, mwingine kumi na mbili, na kila mmoja alishika zake.

"Hata zikiwa kumi na mbili," akasema Mama Nuru, "sasa tunajua kazi. Lakini tundu silipiti tena. Hakuna mashine yenye mlango?"

Darlène alicheka. Nyumbani alikuwa na ordinatere, kompyuta ya zamani. Kioo chake kilipasuka siku pikipiki ilipoanguka njia ya Wamaza. Lakini ukiiunga na televisheni, televisheni inakuwa kioo chake. Na katika ordinatere ile, mwenye nayo anaweka programu yake kwa mlango wa mbele, bila kuvunja masharti ya mtu.

Walifanya kazi majuma matatu. Mara ya kwanza, Darlène alikuwa anawasomea neno na wao wanarudia. Safari hii walisoma wenyewe. Mama Nuru alichora ungo upya, na punje zikawa tano. Akasoma mbele ya simu iliyokuwa inanasa sauti, "Ungo," kwa sauti ya mtu anayeita mgeni chakulani. Nakala mbili zilitengenezwa kwenye kadi ndogo. Moja ilikaa kwa Darlène. Nyingine aliichukua Mama Nuru, akaificha katika kopo la majani ya chai, juu ya kabati.

Siku moja, mchana, somo lilikuwa limekwisha, na wateja wawili wa Mahamudu walikuwa wanangoja mechi. Konsole ikaleta tena maandiko marefu. Mahamudu akanyoosha mkono.

"Shemeji, ngoja," akasema Mama Nuru. "Umesoma?"

"Ni yaleyale."

"Yaleyale gani?"

Mahamudu alijua Kifaransa, lakini hakuwa na subira. Mama Nuru alikuwa na subira, lakini Kifaransa chake kilikuwa kidogo. Basi yeye akaweka kidole kwenye televisheni na kusoma kila neno. Mahamudu, nyuma yake, alisema maana.

"Mama, mechi," akasema mteja mmoja.

"Mechi itangoja. Mimi nimengoja miaka hamsini na mitatu."

Wakasoma mpaka chini. Mashine itaziba matundu ya wezi. Itaondoa programu zisizo na ruhusa. Itachukua nusu saa.

"Ndani yake iko kitu chetu?" akauliza Mama Nuru.

"Hakuna. Yote iko kwenye ordinatere."

"Na nakala iko kwenye kopo." Akafikiri kidogo. "Mashine ni ya mpira. Matundu yazibwe. Wewe unakubali?"

"Ninakubali."

Mama Nuru akanyoosha kidole gumba chake, kilekile, akabonyeza.

"Haya," akasema, akiketi kungoja nusu saa yake. "Leo tumekubali kweli."