Baba Mkwe Aliyesoma Leningrad

"Rudia tena. Lenin alikuwa nani?"

Mzee Vedasto aliweka kijiko chini. Pale mezani, kwenye apartment ya binti yake Tulia huko Maplewood, Minnesota, hakuna aliyetafuna tena.

Laurean, mchumba wa Tulia, alisogeza sahani. Alikuwa amealikwa chakula cha mchana cha Jumapili, lakini alijua amekuja kupimwa. Mzee alikuwa ametoka Bukoba wiki mbili zilizopita, Alhamisi anarudi, na kuhusu posa hajasema ndiyo wala hapana. Alimuuliza tu, wiki hii umewafundisha nini wanafunzi wako wa historia pale chuoni? Laurean akajibu ukweli.

"Nimesema, Mzee, Warusi walimwondoa mfalme wao mwaka 1917 kwa sababu ya njaa na vita. Walitaka mkate na uhuru. Miezi michache baadaye Lenin na wenzake wakachukua nchi. Bunge walilochagua wananchi lilikaa siku moja tu, likafungwa. Udikteta mmoja ukaupisha mwingine."

"Mimi nimesoma Leningrad miaka mitano! Bure! Mtoto wa mkulima wa kahawa nikawa injinia. Wewe umesoma wapi?"

"Hapa hapa Minnesota, Mzee."

"Ndiyo maana!"

"Baba, jamani, chakula kinapoa," Tulia alisema.

"Nimeshiba."

Mzee akaingia chumbani, akafunga mlango.

Laurean alipofika kwake Hopkins, ujumbe wa Tulia ulikuwa unamsubiri.

"Mwambie umekosea. Sentensi moja tu. Anaondoka Alhamisi!"

"Sijakosea, Tulia."

"Lenin alishakufa! Mimi niko hai!"

Laurean aliandika, akafuta, akaandika tena.

"Nikimdanganya baba yako ili nikupate, nikishakupata nitakudanganya na wewe."

Tiki zikawa za bluu. Jibu halikuja. Jumatatu alipiga simu mara sita, Tulia hakupokea. Laurean akaanza kujiuliza kama kweli historia ya watu wa mbali inafaa kumkosesha mke.

Jumanne asubuhi simu ikaita. Namba ya Tanzania.

"Laurean?"

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Tulia yuko kazini hospitali. Nasikia huko Minneapolis kuna jumba la picha za Warusi. Njoo unipeleke."

Laurean alimpitia Mzee, wakaenda. Ndani ya jumba Mzee alipita picha moja baada ya nyingine, mikono nyuma, mpaka akasimama mbele ya picha ya bahari iliyoganda.

"Nilikuwa na mwalimu wa Kirusi," alianza bila kugeuka. "Vera Ilyinichna. Mama mtu mzima. Baridi ya kwanza ilipokuja, alinifumia glavu. Siku moja tukitembea, akaninong'oneza habari za baba yake. Alikuwa mmoja wa mabaharia wa Kronstadt, ngome ya kisiwani karibu na Leningrad. Unawajua?"

"Nawajua, Mzee. Waliwasaidia wakomunisti kuchukua nchi. Halafu mwaka 1921 wakadai uchaguzi huru."

"Na jeshi la Lenin likavuka barafu kuwapiga. Baba yake aliuawa kwa risasi. Vera alikuwa na miaka miwili."

Mzee akavua miwani.

"Mimi wakati huo nina miaka ishirini na mbili, najiona mjanja. Kwenye mkutano wa wanafunzi nikauliza, mabaharia wa Kronstadt waliuawa kwa kosa gani? Mwenyekiti akafunga mkutano. Baadaye wakubwa wa chuo wakaniita ofisini. Wakaniuliza, nani amekuambia?"

"Ukasemaje?"

"Nikamtaja."

Mzee akaivaa tena miwani.

"Wiki iliyofuata akaja mwalimu mwingine. Sikumwona Vera tena, wala sikuuliza. Nikamaliza masomo, nikapewa digrii. Miaka arobaini na saba nasimulia mazuri tu ya nchi ile. Na mazuri yalikuwepo, sikatai. Lakini nilikuwa nayatumia kumfunika yule mama."

"Ulikuwa kijana, Mzee. Ulikuwa peke yako kwenye nchi ya watu."

"Usinitetee. Juzi mezani ulikuwa na kila sababu ya kunyamaza. Ulikuwa unataka mke. Ukasema. Mimi nilibanwa kidogo tu, nikamtoa mtu. Hasira yangu ilikuwa aibu, mwanangu."

Mwanangu. Laurean alilisikia neno lile, akaogopa kulishika haraka. Alimshika Mzee mkono tu, wakatoka nje hadi kwenye gari.

Walipoingia barabara kuu, Mzee akafuta macho kwa leso, akakohoa.

"Mpigie Tulia. Weka spika."

Tulia alipokea haraka.

"Laurean, nipo kazini. Kama ni habari za Lenin, mimi nimechoka..."

"Ni mimi, Tulia."

"Baba? Mbona simu ya Laurean? Uko wapi? Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nipo kwenye gari la mume wako. Tunakuja nyumbani, tukupikie."

Mashine za hospitali zikasikika zikilia kwa mbali.

"Baba... umesema gari la nani?"

"Umenisikia. Tiketi nitaibadilisha. Nitakwendaje Bukoba kabla ya harusi?"

Ukatoka ukelele, kisha kilio, kisha sauti ya Mzungu, mfanyakazi mwenzake: "Tulia, are you okay?"

"I'm okay!" Tulia alikuwa analia na kucheka pamoja. "Laurean! Unasikia? Laurean, sema kitu!"

Laurean alisogeza gari pembeni ya barabara akasimama, maana machozi yalikuwa yamejaa na haoni mbele.