Jina la Sita

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sindano alikuwa na kazi tatu: kujaza ndoo mbili bombani, kufagia ua, na kumsuka bibi yake nywele. Mistari minne tu, lakini bibi alilalamika kama anasukwa arobaini.

"Taratibu, mjukuu wangu. Hicho ni kichwa, si mkeka."

"Tulia basi, bibi. Nitachelewa historia."

"Historia ndiyo nini? Mimi hapa si nimekaa?"

Jina la Sindano alipewa na wenzake wa kidato cha pili. Kwanza alikuwa mwembamba, pili ulimi wake ulichoma. Somo alilolipenda ni historia, kwa sababu ya mwalimu wake, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Mwalimu huyo aliwafundisha karne ya ishirini kwa vitu. Leo ataleta tiketi ya treni, kesho barua ya askari aliyepigana vita vya pili vya dunia. Kitu kilipita dawati kwa dawati, na hakuna aliyeruhusiwa kusema neno kabla hajakigeuza.

"Geuza," alikuwa akisema. "Aliyeandika mbele alikaa akajipanga. Nyuma hakujipanga. Na nikimwona mtu anabandika ushahidi kwa gundi, tutagombana."

Muhula ule walifika kwenye migomo ya wafanyakazi. Nyuma ya shule yao kulikuwa na karakana ya reli, na mwaka 1949 wafanyakazi wa karakana hiyo waligoma siku kumi na tisa. Mwalimu aliwaambia kila mmoja akaulize nyumbani, alete alichokipata. Mwisho wa muhula wangefanya maonyesho, na wazazi wangealikwa.

Wa kwanza kusoma alikuwa Redio. Aliitwa hivyo kwa sababu akianza kusema hazimiki. Baba wa babu yake alikuwa karani wa karakana, na kwao kila mtu alijua kwamba Karani aligoma kiume.

"Babu ameniambia," alisoma Redio, "mgomo ule ulidhoofika kwa sababu kulikuwa na msaliti. Wenzake wamekaa na njaa nje ya geti, yeye kila siku anapita mlango wa nyuma kwenda kazini. Alikuwa fundi wa mabomba. Watu walimwita Fundi Bomba."

Darasa zima likageuka. Hakuna asiyejua kwamba bibi yake Sindano ni binti wa Fundi Bomba.

Mwalimu alisema hilo ni simulizi la mtu mmoja, na bado halijapimwa. Nani alimsikiliza? Mapumziko yalipofika, Sindano alikuta wavulana wamejipanga mlangoni, na Redio mbele yao ameinama kama mhudumu wa hoteli.

"Karibu, Mlango wa Nyuma. Leo tunakuomba upite wa mbele."

Wakacheka mpaka wakashikana. Sindano, yeye wa kujibu kabla hujamaliza kusema, alipita katikati yao akitazama viatu vyake. Jina lile likamganda. Wiki nzima lilimfuata bombani, njiani, hata kanisani na madukani kwa midomo ya wadogo wasiojua maana yake. Naye kila alipolisikia aliliweka moyoni, juu ya lile la jana.

Jioni moja alimweleza bibi. Bibi aliacha kuchambua mchele.

"Nani kasema?"

"Redio. Wa ukoo wa Karani."

Bibi akacheka, cheko kavu. "Nilikuwa na miaka saba, mama yangu akinituma dukani, naambiwa nisubiri mpaka wote wahudumiwe. Binti wa msaliti. Sasa wamehamia kwako. Waulize hao, Karani wao alikuwa analala wapi siku hizo za mgomo."

"Alikuwa analala wapi?"

"Mimi sijasema kitu. Kaoshe vyombo."

Lakini alikwisha sema. Usiku ule Sindano hakuwaza lingine. Kesho yake bibi alipokwenda kliniki, alivuta sanduku la bati chini ya kitanda, lile aliloambiwa tangu utotoni asiliguse. Chini kabisa, ndani ya kitambaa, palikuwa na karatasi moja iliyopigwa taipu. Juu yake iliandikwa: "Walioingia karakana siku za mgomo. Watu wanane." Na jina la kwanza lilikuwa la Karani.

Alilisoma mara tatu. Alijisikia kama mtu aliyepewa chakula baada ya kufunga. Akamwona Redio mbele ya darasa, mdomo wazi, hana la kusema. Akamwona akienda nyumbani peke yake. Atampa jina gani? Atamtafutia jina baya kuliko lake, tena refu, wapate taabu kulitamka.

Ndipo jicho lake likashuka. La pili, la tatu, la nne, la tano. La sita lilikuwa la Fundi Bomba.

Alikaa sakafuni muda mrefu. Angeweza kuirudisha karatasi sandukuni. Angeweza pia kuipeleka kama ilivyo, nzima, na kusema haya, wote wawili wamo. Lakini hakutaka wawili. Alimtaka mmoja. Alichukua mkasi wa bibi akakata chini ya jina la tano, polepole, na kipande cha chini akakitia jikoni, kwenye mkaa uliokuwa unachemsha chai. Nyuma ya karatasi kulikuwa na maandishi ya penseli yaliyofifia. Hakuyasoma. Aliona ni mikwaruzo tu, na haraka aliyokuwa nayo haikuwa ya kusoma mikwaruzo. Alikoroga gundi ya unga wa ngano, akaibandika karatasi katikati ya manila kubwa. Kilichobandikwa hakigeuzwi.

Siku ya zamu yake alisimama mbele na manila yake, akamtazama Redio machoni.

"Mwenzetu alituletea maneno," alisema. "Mimi nimeleta maandishi. Hii ni orodha ya walioingia kazini wenzao wakigoma. Jina la kwanza ni la baba wa babu yake Redio. Someni wenyewe."

Walisoma. Mtu mmoja nyuma akasema, "Redio imeishiwa betri," na kicheko kikapasuka. Redio uso ulimbadilika. Midomo yake ilitikisika bila sauti, kama Sindano alivyomwota. Sindano alisimama pale akila utamu wake taratibu, hakuna kijiko alichokiruka.

"Usaliti kumbe mnao nyumbani," alisema. "Sisi mlitusingizia tu."

Redio alikuwa anaitazama ile karatasi. Mwishowe alipata sauti, ndogo kuliko siku zote. "Juu imeandikwa watu wanane. Hapa ni watano. Watatu wako wapi?"

Mwalimu alisogea. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa chini. "Kingo tatu zimechakaa na kuwa njano. Ukingo huu ni mweupe, umekatwa juzi. Na umebandika, Sindano. Unajua ninavyoona habari ya kubandika."

Mwalimu aliomba maji, akalowesha leso yake, akaanza kuipangusa karatasi kidogo kidogo kutoka pembeni. Gundi ya unga si kitu mbele ya maji. Baada ya dakika kumi karatasi ilibanduka nzima. Akaigeuza, akavua miwani, akaivaa tena. Kisha akampa Redio.

"Soma. Taratibu."

Redio akasoma: "Hawa wanane wameingia kwa agizo la kamati ya mgomo, wasukume maji ya hospitali, wagonjwa wasife kwa kiu. Si wasaliti. Kila mmoja ameweka..." Akasimama. "Imekatwa hapa."

Hapakuwa na aliyecheka. Sindano akaelewa. Kwa hiyo walioingia walitumwa na wagomaji wenyewe. Karatasi ile ilikuwa imefichwa sandukuni miaka yote hiyo ikimtetea Fundi Bomba, na yeye ndiye aliyemtoa ndani yake. Amemsafisha baba wa babu yake Redio mbele ya darasa zima, kwa mkono wake, na wa kwao amemchoma.

"Baba wa bibi yangu alikuwemo," alisema. "Jina la sita. Nililikata mimi, nikalichoma kwenye jiko la chai."

"Sasa ndiyo unasema," Redio alimjibu. "Hata mimi naweza kusema shangazi yangu alikuwa wa saba."

Sindano alimgeukia mwalimu, akitumaini atamkemea. Mwalimu hakumkemea.

"Redio ameuliza kama mwanahistoria," alisema. "Aliyekata karatasi jana, leo tumwamini kwa lipi? Kaa chini, mwanangu. Leo ukamweleze bibi yako, kabla hajaelezwa na mtu mwingine."

Alimweleza jioni, amepiga magoti, bila kupunguza kitu. Alitaja sanduku, mkasi na jiko. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Nyuma kumeandikwaje?"

Sindano akamwambia.

Bibi alifunika macho kwa kiganja. "Sijui kusoma. Baba aliniachia akaniambia niitunze, siku moja itasema. Alinionyesha jina lake lilipo, basi nikaona ni aibu yake. Niliogopa kumpa mtu aisome. Na wewe nikakuchokoza kwa maneno ya nusu nusu, kisha nikajifanya sijasema kitu." Akaondoa kiganja. "Lakini kukata, hapana. Hilo ni lako. Nenda ukalitengeneze."

Kulitengeneza kukawa Jumamosi nne. Mwalimu aliandika barua hospitalini, wakaruhusiwa kuingia stoo ya kumbukumbu, chumba kisicho na dirisha, kimejaa maboksi na mavumbi ya miaka. Kama maji yalifika wodini, alisema mwalimu, huenda kuna muuguzi aliyeandika. Alimwamuru Redio naye aende, kwa sababu ya lile jina la mlango alilolianzisha yeye. Redio hakufurahi.

"Nafukua kaburi la ukoo wako," alisema, akipiga chafya. "Wangu tayari ni msafi."

"Msafi kwa karatasi yangu."

"Nusu karatasi. Nusu nyingine mlinywea chai."

Walifungua madaftari ya dawa, ya mashuka, ya waliozaliwa na ya waliokufa. Jumamosi ya kwanza walirudi na vikohozi tu, na ya pili vivyo hivyo. Ya tatu Redio aligoma kusema naye kabisa, naye akashukuru. Alikuwa bado anamchukia, tena zaidi, maana sasa hakuwa na haki ya kumchukia.

Jumamosi ya nne, karibu na saa sita, Sindano aliona kwamba Redio hafunui tena. Alikuwa ameshika daftari la mkuu wa wauguzi, jalada jeusi, kidole chake juu ya mstari mmoja. Alikaa hivyo muda mrefu mno.

"Umeona nini?"

Redio alilamba kidole. Alitazama ukurasa unaofuata, kisha akarudi kwenye ule.

"Ningeweza kufunua tu," alisema. "Ulivyonifanyia siku ile, mpaka leo nyumbani sijamaliza kuulizwa. Ningefunua, na usingejua maisha yako yote."

"Najua."

Akausukuma ule ukurasa mbele yake. Mwandiko ulikuwa wa kulala, wino wa buluu: "Siku ya nne ya mgomo. Maji yalikatika wodi ya wazazi saa mbili asubuhi. Karani wa karakana na Fundi Bomba wamekuja, wametengeneza. Hawakuchukua malipo. Karani atalala kwenye mtambo wa kusukuma maji kule karakana. Fundi Bomba atakwenda na kurudi kila asubuhi kuangalia bomba." Kando yake yalikuwapo majina yao kamili, yote mawili.

Kila asubuhi. Kumbe ndiyo sababu Fundi Bomba alionekana akipita, na Karani aliyelala kwenye mtambo hakuonekana.

"Kwa nini hukufunua?" Sindano aliuliza.

Redio alijifuta vumbi puani. "Ningemwacha mzee wangu peke yake na mabomba. Alikuwa karani. Angejua nini?"

Sindano alitaka kucheka, akalia. Kisha akamwomba radhi, kwa maneno, si kwa kutazama chini. Redio naye akasema lile jina la mlango hatalitaja tena, na atakayelitaja atapambana naye.

Siku ya maonyesho karatasi ililazwa mezani chini ya kioo, haikubandikwa, na kando yake daftari la hospitali. Chini ya ukingo ule mweupe Sindano aliweka kadi aliyoiandika mwenyewe: "Sehemu hii niliikata na kuichoma mimi, ili jina la kwetu lisionekane. Jina la sita lilikuwa la Fundi Bomba. La saba na la nane sikuyasoma, na sasa hayajulikani." Mwalimu alimtaka asimame pale mchana kutwa, na kila mgeni anayeuliza amjibu.

Bibi alikuja na kitambaa chake kizuri. Aliomba asomewe daftari, kisha kadi. Babu yake Redio alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi. Alimsogelea bibi akamwambia, "Dada, nilisema nisilolijua." Bibi akaitikia kwa kichwa. Kisha akamgeukia mjukuu wake.

"La saba na la nane ni baba za watu," alisema. "Huenda wajukuu wao wanapita hapa leo, wanaitwa majina kama ulivyoitwa wewe, na hatuna cha kuwapa. Ulikuwa na haki ya kukasirika. Ukikasirika sema, lia, gomba na mtu uso kwa uso. Ila ukweli usiukate ukachukua kipande cha kumpigia mwenzako, kwa sababu hujui ni nani wengine wamo ndani yake. Umenisikia?"

"Nimesikia, bibi."

"Haya. Yule mama kule anauliza kuna nini hapa. Mwambie."

Sindano akamgeukia mgeni, akaanza kueleza tangu mwanzo.