Abiria wa Nyuma

Asubuhi ile tairi la nyuma lilikuwa limelala tena. Breki alilitazama akiwa mlangoni na kikombe chake cha chai, akaguna, kisha akaleta karai la maji. Alichomoa mpira wa ndani, akaujaza upepo, akauzamisha kipande kwa kipande akisubiri povu limwonyeshe tundu. Hakuna povu lililotoka. Mpira ulikuwa mzima, lakini baiskeli ilikuwa imekaa chini kana kwamba mtu mnene ameikalia mpaka kulipokucha.

"Kaka yako ameipanda tena," alimwambia mkewe.

"Kaka yangu ana pikipiki yake," mkewe alijibu bila kuinua macho kwenye cherehani. "Tafuta mwingine wa kumsingizia, Baba Kengele."

Ndipo Breki alipoiona keria. Ilikuwa na vumbi jeupe lenye unyevu, linalonuka kama chokaa mbichi iliyomwagiwa maji. Aliifuta kwa kitambaa. Kufika adhuhuri vumbi lilikuwa limerudi, nalo lilikuwa na umbo la makalio.

Jina la Breki alipewa na wenzake kwa kejeli, maana breki zenyewe alikuwa hazigusi. Kazi yake ilikuwa kuwavusha wageni kwenye pito la mlimani, kwa baiskeli pale njia inapokubali, na kwa miguu, baiskeli begani, pale inapokataa. Mlima ule wa mawe ya chokaa umetobolewa na maji hadi ndani ni mapango matupu. Mto unaingia upande huu na kutokea upande wa pili, na ulikopita hakuna ajuaye. Wenye nguvu za kupanda mlima walikuwa wengi. Breki aliwashinda kwa adabu. Kila mgeni alimpokea kwa "karibu" na kumuaga kwa "karibu tena", hadi maneno yale yakawa yanamponyoka kama chafya. Mkewe aliwahi kumsikia akimwambia hivyo kuku aliyemfukuza jikoni.

"Siku ukizikwa," alimtania, "utawaambia wachimba kaburi karibuni tena."

Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti, waliyemwita Kengele kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Aliamka akiongea, alikula akiongea, na akilala midomo iliendelea kuchezacheza. Siku chache baada ya tairi kuanza kulala, wakiwa mezani, Kengele alijivuta kando kwenye benchi.

"Sogea, Baba. Mgeni anataka kukaa."

Walicheka. Watoto na michezo yao! Lakini tangu siku hiyo maneno ya Kengele yalianza kupungua, kama bomba linalokatwa maji. Akawa anajibu kwa neno moja, kisha kwa kichwa, kisha asijibu kabisa. Daktari alimmulika koo, akasema koo ni zima. Breki aliposikia neno hilo, alikumbuka mpira wake kwenye karai. Asubuhi midomo ya mtoto ilikuwa na weupe, na pumzi zake zilikuwa nzito kama za mtu anayepanda mlima na mzigo. Breki alimpenda binti yule kuliko macho yake. Nyumba isiyo na sauti yake ilimtisha hata kabla hajajua cha kuogopa.

Kisha, mchana kweupe, mama mtu akiwa anashona, kengele ya baiskeli ililia. Baiskeli ilikuwa imetundikwa ukutani kwenye ndoano. Mwanamke aligeuka akaona gurudumu la nyuma likizunguka polepole bila upepo wowote, na harufu ile ya chokaa ikapita mbele yake, ikapita mlangoni, ikaelekea chumbani alikolala mtoto, naye alipoifuata alimkuta Kengele amebanwa ukutani, macho wazi, na pembeni yake godoro limebonyea, na shuka juu ya pale palipobonyea likipanda na kushuka.

Breki aliporudi alimkuta mkewe uani, mtoto mgongoni.

"Kuna mtu ndani," mkewe alinong'ona.

"Mtu gani?"

"Usipaze sauti. Mwite shangazi yako."

Shangazi alikuwa amechoma chokaa maisha yake yote, mpaka tanuri likamla nyusi. Watu walimwendea wakipatwa na mambo ya mlimani, ingawa hakutaka kuitwa mganga. Mganga ana uvumilivu, alisema, na yeye hana.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Nyumba inanuka tanuri langu." Hakuvuka kizingiti. "Ulimpakia nani?"

Breki akaeleza. Katika safari yake ya mwisho kabla tairi halijaanza kulala, ukungu ulikuwa umewafunika kwenye pito, mbele ya pango. Aliwatanguliza wageni, yeye akabaki nyuma. Sauti ya upole ikamwambia, "Kaka, naomba lifti, miguu imechoka." Alidhani ni mgeni anayemtania. Alijibu, "Karibu, panda," na baiskeli ikazama. Kufika chini, wageni wote walikuwa wakimsubiri na baiskeli zao. Kwenye keria hapakuwa na mtu.

"Na ukanyamaza."

"Ningemwambia nani, Shangazi?"

"Sikiliza. Aliyempakia ndiye atakayemshusha, la sivyo mtoto atabaki na pumzi tu. Mrudishe. Ukifika pangoni sema, 'Tumefika, shuka.' Basi! Ugeuze baiskeli, uteremke. Akikulilia, kimya. Akikushukuru, kimya. Hawa wa pangoni si wakali, mwanangu, ni waungwana, na hapo ndipo wanapotupata. Hawaingii mahali hawajakaribishwa. Adabu zako za kazini ziache hapa."

"Ataniona mshenzi," Breki alijaribu kutania. Hakuna aliyecheka.

Aliiteremsha baiskeli, akasema, "Panda." Tairi la nyuma likabonyea, naye akaondoka.

Njia aliyoizoea kama kiganja chake siku hiyo ilimkataa. Alikanyaga pedeli kwa uzito wa mwili wote na baiskeli ikasogea kwa shida, jasho likamwingia machoni, na pale mawe yalipokatiza njia hakuweza kuibeba begani, ikabidi aiburute ngazi kwa ngazi huku kitu kilichokaa nyuma kikipumua shingoni mwake pumzi baridi yenye unyevu wa pangoni, na ukungu uliposhuka kengele ikaanza kulia yenyewe, mara moja, kimya, mara moja tena, kisha nyuma yake, karibu kabisa na sikio, sauti ya binti yake ambayo hakuwa ameisikia siku zote zile ikasema, "Baba, nimechoka, nitazame kidogo tu," naye akalia waziwazi kama mtoto mdogo, akaendelea kuvuta, asigeuke.

Mdomo wa pango ulitokea kwenye ukungu. Ndani maji yalidondoka.

"Tumefika," alisema Breki. "Shuka."

Baiskeli iliruka juu kama iliyotuliwa gunia. Tairi likajaa. Breki aliigeuza, mguu tayari kwenye pedeli, moyo ukimpaa kwa furaha.

"Asante sana, kaka," sauti ile ya upole ilisema.

"Karibu tena," alisema Breki.

Alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Alisikiliza. Maji tu, tone baada ya tone. Pengine kilikuwa kimeshaingia ndani, alijiambia, pengine hakikusikia. Akateremka bila kugusa breki.

Akiwa bado barabarani alimsikia Kengele.

"Bibi, mbona huna nyusi? Ziliungua zote? Ziliuma?"

Mkewe alimkumbatia akilia na kucheka kwa pamoja. Shangazi alimvuta kando.

"Ulisema nini kule?"

"Tumefika, shuka."

"Basi?"

Breki alimtazama binti yake, ambaye sasa alikuwa akimhoji paka.

"Basi, Shangazi."

Kila asubuhi alilibonyeza tairi kwa kidole gumba. Lilikuwa gumu kama jiwe. Akaanza kula tena, akaanza hata kupiga mluzi. Siku Shangazi alipofunga mzigo wake ili arudi kwake, walikaa pamoja kwa chakula cha mchana cha kumuaga, na Kengele akawa anasimulia jinsi paka alivyoanguka kwenye karai. Katikati ya hadithi, bila kukatiza, alijivuta kando kwenye benchi na kuacha nafasi kati yake na baba yake. Benchi likalia.

"Sogea, Baba. Mgeni anataka kukaa."

Shangazi aliweka kijiko chini taratibu.

"Mgeni gani, mjukuu wangu? Nani amemkaribisha?"

Kengele aliinamisha sikio kwenye ile nafasi tupu, akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali.

"Anasema ni Baba," alisema. "Anasema Baba alimwambia karibu tena."