Aliyeita Kutoka Mto James

Miaka miwili sasa boti Sukie Marr ilikuwa punda wa wanamaji wa Kaskazini katika Mto James, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Ilivuta manowari zilizokwama, ilivuta matishari ya makaa, na baada ya mapigano ilivuta maiti. Isham alikuwa na kazi moja: kusimama nyuma na shoka. Kinachovutwa kikizama, kata kamba upesi, la sivyo mnazama nacho.

Jioni hiyo walikuwa wakivuta tishari la makaa. Aliyeshika usukani wa tishari ni Rubeni, mdogo wake, ambaye alitoroka naye utumwani, shambani kwa bwana wao.

"We mvivu, vuta kwa adabu!" Rubeni alipaza sauti. "Utanimwagia kahawa!"

"Ikimwagika, lamba!"

Hapo hapo bomu la majini likalipuka. Tishari likapasuka katikati.

"Kata!" nahodha alifoka.

Isham akakata.

Walizunguka wakitafuta. Mbao. Kofia moja. Harufu ya baruti na tope. Giza likaingia, na kwa kuwa maadui walikuwa karibu, nahodha akageuza boti.

"Isham!"

Sauti ya Rubeni. Nyuma ya boti, karibu kabisa.

Mzee Kwashi, mpishi, akamziba Isham mdomo kwa kiganja kinachonuka vitunguu.

"Usiitike," alinong'ona. "Mto huazima sauti ya maiti. Ukiitika tu, umekwenda."

Isham alilijua hilo tangu utotoni, kama walivyolijua wote kule shambani.

"Isham... nivute..."

Isham akashikilia shoka, asiitike.

Boti ikawa nzito. Mtambo ulipiga kwa nguvu zote, wapi! Kipande cha kamba kilichobaki kilikuwa kimekaza, kimenyooka hadi majini. Maji yakaanza kupanda sitahani.

"Kata, mwanangu!" Mzee Kwashi alisema.

Akakata. Boti ikaruka mbele. Sauti ikakoma.

Asubuhi walimkuta Rubeni kwenye matete, amejifunga kamba kiunoni. Ncha yake ilikuwa imekatwa kwa shoka. Mwili ulikuwa bado na joto.

"Alikuwa hai," Isham alisema, kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Mzee Kwashi alitazama pembeni. "Mtu mmoja hawezi kuzuia boti, mwanangu. Hakuwa peke yake mle majini."

Walimzika. Isham alitaka kulia, machozi hayakuja. Akarudi kazini. Jioni wakapita pale pale.

"Isham!"

Mzee Kwashi alinyoosha mkono kumziba mdomo, akachelewa.

"Naam, Rubeni," Isham alisema. "Nipo, mdogo wangu."

Kutoka chini ya maji, zikamjibu sauti nyingi.