Kawa ya Mizunguko Arobaini na Miwili

Hawah hakuwa mtu wa kutulia. Tangu Fadhul wa Koboko alete posa kwa binti yake Kaltumu, nyumba yao ya Awindiri, mjini Arua, ilijaa ukindu wa rangi. Mama na binti walisuka kawa za kufunikia vyakula vya harusi. Ukindu waliuvuta kwa meno, kama walivyofundishwa.

Jino moja la Kaltumu, ambalo lilikuwa limeoza, likapasuka. Fundi wa sokoni akaling'oa kwa koleo.

Wiki mbili baadaye homa ikaja. Hawah akampa klorokwini. Homa ikashuka, ikapanda tena. Akamchomesha sindano mbili za penisilini kwenye duka la dawa. Ikashuka, ikapanda tena. Kila asubuhi shuka zililowa jasho. Kaltumu alikonda, akawa anahema kwa kwenda chooni tu. Hawah alikaa roho juu.

Hospitalini, Anicet, mganga msaidizi kutoka Kongo, aliusikiliza moyo kwa muda mrefu. Kisha akatazama kucha. Chini yake palikuwa na vistari vyekundu.

"Mama, hii si malaria. Utotoni magoti yake ilivimba?"

"Ndiyo. Koo iliuma, halafu magoti. Ikaisha yenyewe."

"Iliacha kovu kwa moyo. Moyo iko na milango ya kupitisha damu, na moja yake iliharibika. Mutu akitoa jino, vijidudu ya mdomo inaingia kwa damu. Kwa huyu ilishika pale kwa kovu. Sasa inakula ule mlango."

"Lakini nilimpa sindano."

"Mbili tu. Homa ilishuka, vijidudu ikabaki. Tutapima damu, halafu tunamupa penisilini kwa mshipa, kila siku, wiki sita. Akiacha mapema, kipande ya ule uchafu inaweza kwenda kwa ubongo, apooze. Anaweza kufa."

Siku ya nane ya sindano homa ikaisha. Kaltumu akaanza kufunga nguo zake.

"Mama, harusi iko karibu. Mimi niko mzima. Fadhul ataoa mwingine."

Hawah naye alitamani kuondoka. Lakini aliogopa.

"Homa ilishuka mara mbili, na mimi nilifurahi mara mbili," alisema. Akatoa kawa mpya. "Kila siku ya sindano nasuka mzunguko moja. Sasa iko nane. Tutatoka ikifika arobaini na mbili."

Akatuma ujumbe Koboko kwamba harusi ingoje mpaka kawa ifike mizunguko arobaini na miwili. Siku nne zikapita bila jibu. Hawah alizunguka wodi mpaka wauguzi wakamchoka. Siku ya tano Fadhul akatokea, vumbi mpaka kwenye kope.

"Mama, imefika ngapi?" akauliza.

"Kumi na tatu."

"Basi tutangoja."

Siku ya kutoka, Anicet alimwambia Kaltumu, "Piga mswaki. Ukindu kata na kisu. Jino ingine ikiuma, kwanza sema habari ya moyo, upewe dawa mbele ya kung'oa."

Harusi ikafanyika. Kawa moja ilizidi masinia yote kwa ukubwa, na wageni wakamtania Hawah kwamba hajui kupima. Kaltumu aliinyanyua mwenyewe kwa mikono miwili, bila kuhema. Hawah akaketi, akala.